Mkuu wa Baraza Ndani ya Gari la Dehbia

Dehbia nilifua naye mashuka ya hospitali miaka mingi, yeye kwenye mashine, mimi kwenye pasi, na sijapata kuona mwanamke mwenye hasira zilizonyooka kama zake. Kwao ni kijiji cha juu kabisa, huko barabara inakoishia, chini ya miamba ya milima ya Jurjura. Mimi ni wa ng'ambo ya bonde. Wazee wa baraza letu ni wakorofi vilevile, lakini wa kwetu angalau husinzia. Wa kwao wako macho.

Kosa lake lilikuwa mizeituni. Baba yake alikufa bila mtoto wa kiume, na binamu zake wakaingia shambani na nyavu zao za kuvunia kana kwamba marehemu alikuwa ameota tu kwamba ana binti. Ndiyo desturi yetu: mwanamke hulishwa, hapewi mti. Dehbia hakwenda kulia barazani. Alishuka mjini, akafungua kesi, akashinda. Kushinda wangemsamehe. Kupeleka mambo ya kijiji mbele ya hakimu wa serikali, hilo halikusameheka. Baraza likakaa, na mkuu wake, mzee Belaid, Da Belaid kwa heshima ya kwetu, akasimama na kutoa ile hukumu ambayo mababu waliwawekea wauaji: asisemeshwe. Asisalimiwe, asiuziwe, asipewe hata kaa la moto. Na atakayemsemesha, naye asisemeshwe.

Mama yake alifia ndani ya hukumu hiyo. Kwetu mtu akifa, hata adui yake huacha jembe na kuja. Siku ile walifunga milango. Madereva wanne wa hospitali ndio waliopanda kubeba jeneza, na sisi wa kufulia ndio tuliomwosha marehemu. Nilimwona Da Belaid kwa macho yangu akipita mbele ya mlango uliokuwa wazi, jeneza likiwa ndani, akageuza shingo akatazama ukuta. Nilimtemea mate, ila upepo ulinigeukia.

Dehbia hakuhama. Kila asubuhi alishuka na kigari cha marehemu baba yake, kile ambacho gia yake hutokea kwenye dashibodi na kuvutwa kama droo iliyokwama, na kila alasiri alipanda nacho. Aliwasalimia wote njiani, kwa makusudi, na wote wakatazama ukuta. "Kuku wananijibu," aliniambia. "Watu hapana." Alicheka alipolisema, lakini najua alichokitaka. Alitaka mtu mmoja wa kijijini kwao, mmoja tu, alitaje jina lake mbele ya watu. Mizeituni alishaipata, hiki hakimu hakuweza kumpa.

Basi ilikuwa Machi. Milozi ilikwisha kutoa maua, sisi sote tumeshaweka majiko ya kuni stoo kama wapumbavu. Mchana mvua ilinyesha mjini, ya kawaida, na zamu ilipokwisha nikamwambia, "Lala kwangu, milima imefungwa na wingu." Akasema, "Nilale kwako ili waseme wamenifukuza?" Akapanda.

Kwenye njia panda, mvua ikageuka theluji. Gari la abiria lilikuwa limesimama pale, dereva amekataa kuendelea, abiria wote wamejazana kwenye mkahawa wakinywa kahawa na kumlaani. Dehbia hakusimama. Hakuna ambaye angempa hata kiti.

Ile theluji, alisema, haikuwa ya kudondoka, ilikuwa ya kurushwa. Ilimjia kioo kizima usoni. Waipa moja tu ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi, tena ile ya upande wa abiria, kwa hiyo aliendesha ameinamia kiti cha pili, shingo imepinda. Kulia mlima, kushoto korongo, na katikati barabara ambayo hakuiona bali aliikumbuka. Gari lilikuwa likiteleza kitako. Kila lilipoteleza alilitukana, kisha akamtukana baba yake kwa kulinunua, kisha akamwomba baba msamaha.

Alipofika kwenye kona ya mialoni akaona kitu cheusi kinatembea katikati ya barabara. Akadhani ngiri. Kumbe ni joho la sufu, na ndani ya joho ni Da Belaid. Aliposhushwa na lile gari la abiria alikataa kukaa mkahawani na "wavivu wa mjini", akaanza kupanda kwa miguu na fimbo yake, mzee wa umri wake, na sasa theluji ilikuwa imemfika kwenye mashavu ya miguu.

Mzee akageuka. Akaliona gari, akalijua. Akasogea pembeni, akatazama mlima.

Dehbia angeweza kupita. Mimi ningepita. Yeye alisimamisha gari ubavuni pake, akashusha kioo upana wa kidole.

"Salamu, Da Belaid."

Mzee akaendelea kutazama mlima.

"Unakwenda juu? Nami nakwenda juu. Bahati iliyoje."

Mzee akagonga mlango kwa fimbo, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi kwa mkwewe.

"Naona fimbo inabisha hodi," Dehbia akasema. "Mwenye fimbo je?"

Mzee akashika kitasa, akavuta. Kimefungwa. Akavuta tena kwa nguvu zote, akateleza, akapiga goti. Dehbia akasogeza gari hatua chache mbele, akasimama, akamngoja afike. Alipofika, akasogeza tena. Aliniambia hivyo bila haya, na mimi nilimsikiliza bila huruma.

"Mama yangu alilala pale ndani siku nzima," akamwambia kupitia ule upenyo. "Ukapita. Kulikuwa na nini cha kutazama kwenye ule ukuta, Da Belaid? Nimeutafuta, sijakiona. Niombe. Sio lazima uniombe vizuri. Niombe tu."

Mzee akaendelea kutembea. Midomo ilikuwa imekuwa ya rangi ya risasi. Akaanguka tena, mara hii chali, na joho lililolowa likamkalia kifuani kama mtu. Ndipo akasema, kwa sauti ndogo ambayo Dehbia hakuitambua:

"Dehbia. Nifungulie, binti yangu."

Dehbia akafungua. Akashuka akamwinua kwa kwapa, akamsukumia ndani bila adabu.

Sasa sikilizeni. Mdomo wa mtu yule ukishafunguka haufungiki. Hawakwenda mbali akaanza. "Gia ya pili. Ya pili, mwanamke! Unataka tufe? Usiguse breki. Nimesema usiguse breki!"

"Kwa mtu aliyekataza watu kusema, una maneno."

"Baba yako alikuwa dereva. Wewe unapepeta."

"Baba yangu angekuacha pale pale kwenye kona."

"Asingeniacha. Baba yako alikuwa mtu." Akapangusa kioo kwa pindo la joho. "Mama yako pia. Nilitaka kuja siku ile."

"Ulitaka. Na ile miguu iliyokupitisha mlangoni ilikuwa ya nani?"

Mzee akajibu kona: "Kata kulia! Kulia!" Gari likakata kulia likazama mpaka kwenye bampa.

Nyuma kulikuwa na magunia ya zeituni, matupu, ya msimu ule wa kwanza aliovuna peke yake. Dehbia akamtupia. "Shuka. Yaweke chini ya matairi." Na mkuu wa baraza, aliyekuwa amekula kiapo kwamba mizeituni ile haitamilikiwa na mwanamke, akapiga magoti kwenye theluji akayasukumiza magunia yale chini ya magurudumu kwa mikono miwili, akilaumu jinsi yalivyoshonwa. Mara ya tatu gari likatoka. Aliporudi kitini alikuwa akihema, ndevu zimeganda, na hapo ndipo akalitoa lile neno.

"Ijumaa nitalisema barazani. Nitasema hukumu imetosha. Naapa kwa kaburi la baba yangu. Ila wewe nishushe kabla ya kona ya msikiti. Wasituone."

Dehbia akaniambia: "Nilimwamini. Unaweza kuniita mjinga." Nilimwita.

Lakini kabla ya kona ya msikiti palikuwa na watu. Kijiji kizima kilikuwa kimetoka na makoleo kuifukua barabara, kwa sababu mkuu hajarudi na giza linaingia. Hapakuwa na pa kumshushia. Taa za gari ziliwamulika wanaume upande huu, na wanawake ukutani na mablanketi upande ule. Wakalizunguka gari. Mlango ukafunguliwa, Da Belaid akashuka.

Aliyemwuliza alikuwa Mulud, binamu mkubwa wa Dehbia, yule aliyenyang'anywa mizeituni na hakimu. "Amekuleta huyu?"

"Gari limenileta."

"Mmesemezana?"

Dehbia alikuwa ameshikilia usukani. Neno moja tu, hata "ndiyo" ya kunong'ona, na yeye asingekuwa tena peke yake.

Da Belaid akakung'uta theluji begani. "Wazimu huo? Alisimama mwenyewe, akafungua mwenyewe, kama anayemfungulia mbuzi. Nimekaa kama nilivyokaa. Sikutoa neno."

Dehbia akaruka nje ya gari. "Mwongo! Amenibembeleza! Ameniita binti yangu! Ameapa kwa kaburi la baba yake!" Alipiga kelele mpaka koo likakwaruza. Na hakuna aliyegeuka. Mnaona ubaya wa hukumu ile? Ushahidi wa mtu asiyesemeshwa hausikiki. Hata angewaambia kijiji kinaungua, wasingegeuka. Mulud akachukua koleo lake, wengine wakafuata, wakaanza kufukua njia ya kuelekea nyumbani kwa Da Belaid. Uchochoro wa Dehbia wakauruka, theluji iliyorundikwa na upepo ikiwa imefika kwenye vitasa vya milango.

Ukutani, mwanamke mmoja akateremsha blanketi kichwani. Alikuwa Tawes, Na Tawes kwa heshima ya kwetu, mke wa Da Belaid, mama mfupi, mnene, ambaye nijuavyo mimi hakuwahi kuinua sauti mahali ambapo wanaume wamekusanyika. Akapita katikati ya makoleo mpaka kwa mumewe.

"Hujasema neno?" akamwuliza. "Njia nzima?"

"Hata moja."

"Belaid. Nimezaa na wewe watoto saba. Ukipanda punda unamfundisha punda. Wewe ukae ndani ya gari, kwenye theluji, anaendesha mwanamke, usimwambie gia?"

Kijana mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Na Tawes akamwacha mumewe hapo hapo. Akasogea kwenye taa za gari, magoti ndani ya theluji, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini:

"Dehbia. Hujambo, mwanangu? Pole na safari. Na mama yako, Mungu amrehemu. Nimechelewa kukwambia."

Makoleo yakasimama.

"Da Belaid," Mulud akasema, "sheria. Amemsemesha. Tangaza."

Atangaze nini? Atangaze kwamba mkewe asisemeshwe, asipewe moto? Usiku ule angekula kwa nani, na angemgombeza nani? Mkuki kwa nguruwe mtamu. Wote walimtazama, vijana kwa wazee, na huyu mtu aliyemhukumu binti wa jirani yake bila kumeza mate akatazama chini. Mulud akarudia: "Tangaza, mzee." Mzee hakutangaza. Alikishika kichwa cha fimbo yake kama mtu anayengoja kuambiwa akae wapi.

Na Dehbia? Dehbia aliyepiga kelele njia nzima, aliyejibu kila tusi kwa tusi, aliyekuwa akiwasalimia watu kwa makusudi mwaka mzima ili waone aibu, alisimama pale mlango wa gari ukiwa wazi na injini inakohoa, na sauti haikutoka. Alijaribu. Aliniambia ilikuwa kama kuinua shuka lililolowa kwa kidole kimoja. Machozi yalikuwa yakimtoka na kuganda, na kijiji kizima kilikuwa kikimtazama yeye, sio ukuta.

Na Tawes akangoja. Kisha akakasirika, maana naye si mtu wa subira.

"Dehbia, nimekusalimu. Salamu hujibiwa, mwanangu. Hata kama umetukasirikia."

"Sijambo," Dehbia akasema. "Sijambo, Na Tawes."

Na Tawes akamnyang'anya Mulud koleo, akaenda kuanza kufukua uchochoro wa Dehbia.