Kikombe cha Profesa Msikivu

Asubuhi ya kwanza ya semina mwezeshaji alitugawia tambi mbichi. Ati tujenge mnara. Tulikuwa madaktari tu, watu wa utafiti, tumetolewa kazini Meru na kwingineko, tukaletwa kwenye hoteli moja ya Embu yenye nyasi zilizonyolewa vizuri, ili tufundishwe uongozi. Kando yangu aliketi daktari wa kulaza wagonjwa usingizi, mwanamke ambaye kila siku anashikilia pumzi za watu mkononi, akihangaika kuunga tambi mbili kwa utepe. Mnara wetu ulianguka. Mwezeshaji akapiga makofi kwa furaha.

"Mmejifunza nini kutokana na kuanguka?"

Nilijifunza kwamba tambi ni chakula.

Tukatoka hapo, kila mtu akaambiwa ataje mnyama anayefanana na uongozi wake. Simba. Tai. Simba. Ndovu. Simba tena. Jameni! Chumba kizima cha simba, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia mkubwa wake hapana. Zamu yangu ilipofika nikasema mbuzi. Mwezeshaji alingoja nieleze. Mwishowe akaandika "mbuzi" kwenye karatasi ya waridi, akaibandika ukutani chini ya simba wote.

Ningelivumilia hayo yote, maana chai ilikuwa nzuri, lakini moyo wangu ulikuwa kule mjini Maua. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiendesha kliniki kila Ijumaa katika chumba tulichoazimwa nyuma ya kanisa. Tulikuwa tukichunguza presha ya watu wanaofanya kazi ya miraa: wachumaji, wafungaji, wapakiaji. Tuliwapima, tukawapa dawa, tukaandika. Sasa kuandika kulikuwa kumekwisha, na profesa wangu, mwenye utafiti, alikuwa ameamua kliniki ifungwe, na notisi ilikuwa imeshachapwa. Dawa zilikuwa zimejaa stoo. Hospitali ya karibu ilikuwa imekubali kuwapokea wagonjwa wetu, ila ilihitaji muda wa kujipanga. Kilichotakiwa ni profesa aseme tu, "Endeleeni mpaka wapokelewe." Kila nilipomwendea alinijibu, "Tutaangalia, daktari." Tutaangalia! Ukiambiwa hivyo na mkubwa Kenya hii, jua ameshaangalia, na hajakuona.

Kulikuwa na mama mmoja pale Maua aliyeninyima usingizi. Alifika kwetu baada ya kiharusi, mkono wa kulia umelegea kabisa, na kazi yake ilikuwa kufunga miraa kwa majani ya migomba. Presha ikashuka, mazoezi akayafanya kwa ukaidi, mkono ukarudi pole pole mpaka akafunga kibunda chake cha kwanza na kuniletea nikione. Aliposikia tunafunga hakulia. Aliniuliza tu, "Daktari, nyinyi mmepata mlichokuwa mnatafuta. Sisi je?"

Nikaja Embu kujenga mnara wa tambi.

Siku ya mwisho, Ijumaa, wakubwa wetu walialikwa, na wafadhili pia. Profesa akaingia na koti lake la sherehe, akisalimia watu kama mgombea. Mwezeshaji akatangaza zoezi la kufunga semina: igizo la mazungumzo magumu. Mtu mmoja asimame mbele ya mkubwa wake halisi, amwambie lile analoogopa kumwambia.

"Mbuzi wetu yuko wapi?" akauliza. "Njoo mbele."

Haki ya nani, sikuwa nimepanga lolote. Lakini nilipomwona profesa ameketi pale, ameshajitengenezea uso wa upole, nilichemka. Nikayamwaga yote: dawa zilizo stoo, hospitali inayongoja neno lake, mkono wa yule mama na swali lake. Sauti yangu haikuwa ya kuigiza. Profesa aliinama mbele, akashika kidevu, akaitikia kwa kichwa kila mahali tulipofundishwa kuitikia. Kisha akasema kwa sauti ya kanisani, "Nimekusikia. Kliniki haitafungwa. Hakuna mgonjwa atakayeachwa kabla ya kupokelewa kwingine. Hilo nalibeba mimi."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mfadhili mmoja akapangusa macho. Mwezeshaji akamkabidhi profesa kikombe cheupe kilichoandikwa "Kiongozi Msikivu", wakapigwa picha.

Tulipokuwa tukirudi kuketi, profesa aliniinamia sikioni. "Umeigiza vizuri sana, daktari. Lakini ile notisi ya kufunga ibandikwe leo, sawa?"

Lo! Nimeona wanafiki maishani mwangu, wengine nimekaa nao kanisani benchi moja, lakini huyu hata jasho halikumtoka. Nilimdharau mpaka nikahisi baridi.

Nikatoka nje, nikampigia muuguzi wetu wa Maua. "Notisi usiibandike," nikamwambia. "Profesa amekubali tuendelee mpaka wapokelewe. Amesema mbele ya watu wote." Hapo hakuna uongo hata chembe. Nikasikia muuguzi akiwatangazia waliokuwa kwenye foleni, na vigelegele vikapanda. Kisha akarudi kwenye simu. Wanataka kumshukuru profesa, akasema. Yuko karibu?

Alikuwa karibu. Alikuwa kwenye foleni ya chakula, katikati ya wafadhili, sahani ya mukimo mkono mmoja, kikombe mkono wa pili. Nikaweka simu kwenye spika, nikamsogezea mdomoni.

"Profesa, wagonjwa wako wa Maua."

Ilikuwa sauti ya yule mama. Alianza kwa Kimeru, akahamia Kiswahili, akamwombea: afya yake, watoto wake, nyumba yake, gari lake lisipate ajali. "Mkono huu, mwanangu, Mungu ameurudisha kupitia kwako. Asante kwa kutotuacha." Wafadhili waliinamisha vichwa, wengine wamefumba macho. Profesa alinitazama, akaitazama simu, akatafuta pa kuweka sahani, akapakosa.

"Amina, mama," akasema. "Amina."

Jioni alinifuata kwenye maegesho, mishipa ya shingo imemsimama. "Umeniweka kona! Lile lilikuwa igizo!"

"Sawa, profesa," nikasema, nikamnyooshea simu. "Wapigie uwaambie hivyo."

Aliisukuma ile simu pembeni. Kisha akaingia kwenye gari lake, akafunga mlango kwa kishindo.

Kliniki bado iko wazi, na hospitali inawachukua wagonjwa wetu kidogo kidogo. Profesa siku hizi anahutubia semina za uongozi, na kisa anachosimulia ni cha kliniki ya Maua ambayo yeye, kwa kusikiliza, alikataa kuifunga. Ameweka na picha ya mkono wa mama. Watu humpigia makofi, nami huketi nyuma nikinywa chai yao.

Yule mama huniuliza kila Ijumaa, "Daktari, huyo profesa mwema haji siku moja tumwone?"

"Ana kazi nyingi, mama," namjibu. Na ni kweli. Kuigiza mtu mwema kila siku si kazi ndogo, na mimi nipo kuhakikisha hapati likizo.