Rangi Iliyoonekana Kwanza

Majirani walimwita Bi Punguza, maana kinywani mwake neno hilo liliitangulia hata salamu. Muuza chupa tupu akimwona kwa mbali alipandisha bei mapema, ili apate pa kushukia. Alianza kwa kufua nguo za watu, akaja kutengeneza dawa ya kusafishia vyoo uani kwake: pipa, mwiko mrefu wa mbao, glavu za mpira, na kitambaa puani, kwani tindikali haina urafiki. Dawa yake ilikuwa kali kweli. Choo cheusi kama chungu kilitakata mpaka ukaona haya kukikalia. Tatizo lilikuwa moja tu: haikununuliwa.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," mwenye duka la jumla alimtania siku Bi Punguza alipokuta mzigo wake umejaa vumbi kwenye rafu.

"Na chema kilichofichwa gizani, nacho hujiuza?"

"Basi kiwashie taa, mama. Rafu nzima ni bluu, na wewe umeniletea bluu. Nani atakujua? Mwisho wa mwezi chupa zako zikiwa bado hapa, uje na mkokoteni wako uzibebe."

Akatoka hapo moja kwa moja hadi kwa mchapaji wa lebo. Huyu alikuwa na somo lake tayari, akionyesha kipande cha karatasi kwa kila rangi. "Bluu ni usafi. Kijani ni ubichi. Nyekundu ni hatari. Watu wa vyoo wote huchukua bluu."

"Kwa hiyo nizame na wenzangu? Nipe hivyo vipande vya rangi nikavitazame nyumbani."

"Vipande vinauzwa."

"Punguza."

"Bei yenyewe sijaitaja!"

"Ndiyo, punguza kabla hujaitaja."

Akaondoka navyo bure.

Nyumbani alikuwa na mama yake mzazi, ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu. Sura za watu hakuziona tena, lakini rangi aliziona, na nyumba nzima ilipangwa kwa rangi. Jagi la maji ya kunywa lilikuwa la manjano, ndoo ya kuogea bluu, kikombe cha chai chekundu. Kwa mpango huo bibi huyo alijimiminia maji, akaoga mwenyewe, akajipikia chai, na ole wake aliyejaribu kumsaidia. "Nina mikono yangu," alikuwa akisema. Hicho ndicho alichobakiwa nacho, na Bi Punguza alikilinda: hakuna aliyeruhusiwa kuhamisha jagi.

Alivipanga vile vipande juu ya meza, akamsimamisha mama yake mlangoni. "Mama, ipi inakujia kwanza?"

"Ya manjano. Imenirukia hata kabla hujaiachia."

Akavichanganya, akavipanga upya. Ya manjano tena. Bi Punguza akapiga makofi. Ikiwa jicho hili limeiona, jicho zima litaipitaje? Lakini kwa nini jicho hili liliizoea manjano kuliko rangi nyingine zote, hilo hakujiuliza.

Akanunua chupa kubwa zenye mkono wa kushikia, akazivika lebo za manjano na vifuniko vya manjano. Zilipopangwa rafuni ilikuwa kama vile zinaita watu kwa majina. Mwenye duka akaacha utani, akawa yeye ndiye anayempigia simu. "Leta zaidi! Hata hizo ulizozificha uvunguni."

Mchana mmoja alikuwa ndani anajaza chupa, gari la mzigo likapiga honi nje. Jagi lilikuwa chini ya bomba uani, likisubiri kujazwa. Aliiweka chupa iliyojaa, bila kifuniko, pale mezani, mahali pa jagi, akasema atarudi sasa hivi. Getini dereva akataja nauli. Wakavutana, huyu akipandisha, huyu akishusha, wote wawili wakifurahia.

Hakusikia kilio. Alisikia kiti kikianguka.

Bibi alikuwa ameona manjano mahali pake pa siku zote, akashika mkono wa chupa, akajimiminia. Pua haikuwa na la kumwonya. Nyumba ile ilinuka dawa kutoka mlangoni hadi chumbani. Alimeza funda moja.

"Ataishi," daktari alisema. "Lakini koo halitarudi lilivyokuwa."

Jirani aliyewasindikiza akamshika bega. "Ajali haina kinga, dada yangu."

"Hii ilikuwa na kinga," Bi Punguza akamjibu. "Kifuniko."

Alirudi kwa mchapaji, na kwa mara ya kwanza hakusema punguza. Akataka nyekundu na nyeusi, na picha ya fuvu katikati. Mwenye duka aliigeuzageuza chupa mpya mkononi. "Mama, unasafisha choo au unachimba kaburi?"

"Chukua au acha."

Alichukua chache. Kabla mvua hazijaisha mtu mwingine alikuwa ameleta dawa yake ya manjano, nayo ilinunuliwa.

Nyumbani, dawa zilihamishiwa stoo, na ufunguo ukaning'inia shingoni mwa Bi Punguza. Alinunua jagi jeupe. Bibi hakuliona, akalisukuma likaanguka. Bi Punguza akarudisha la manjano, akanywa kutoka humo mbele yake, kwa kelele, ili asikike. "Umesikia, mama? Ni maji. Ni jagi lako lilelile." Bibi akaitikia kwa kichwa, akaikunja mikono yake mapajani.

Siku ya soko alichelewa. Alipoingia alimkuta mama yake ameketi mezani, midomo imekauka hadi kupasuka. Jagi lilikuwa mbele yake, limejaa, karibu kuliko urefu wa mkono.

"Mama! Maji si hayo hapo?"

"Nayaona," bibi akasema, kwa ile sauti iliyobaki, kama karatasi inayokwaruzwa. "Nayaona vizuri. Ndiyo maana nimekungoja."

Bi Punguza akaweka kapu chini, akamimina, akamshikia kikombe.