Ndoto Iliyoachiwa Ziwa

Marcelina alikuwa mtu wa kuota. Wengine hulala wakaamka na uchovu wao uleule, lakini yeye kila alfajiri alirudi na kitu: ng'ombe mweupe anayeogelea, shangazi aliyekufa zamani anaomba chumvi, au watu wa Musoma wote wanatembea juu ya maji, kimya, wamebeba viatu mikononi. Na kwa kuwa alilelewa na bibi yake kule Mugango, alijua cha kufanya na ndoto. Ndoto mbaya humwambii binadamu. Unayaambia maji, yaende nayo. Ndoto nzuri unamwambia mtu wa nyumbani kwako, anayekula chungu kimoja nawe, tena kabla hujaweka kitu kinywani. Ukimwambia mtu baki, inakufa palepale.

Tabu ilikuwa huyo mtu wa nyumbani. Mumewe alifariki mapema, mtoto hawakujaliwa, na shemeji zake walimwacha aondoke bila ugomvi wowote, jambo lililomuuma kuliko ugomvi. Akapanga chumba mtaa wa Mukendo, Musoma mjini, akawa muuza dagaa soko la Mwigobero. Ndoto zake zote, mbaya na nzuri, akawa anazipeleka ziwani kabla jua halijatoka. Alisimama maji yakiwa vifundoni, akasema polepole, ukungu bado umelala juu ya maji na mitumbwi ikirudi bila kuonekana, sauti tu. Wauza samaki wenzake walidhani anasali rozari, naye aliwaacha wadhani hivyo.

Kitu kimoja kilimkaa rohoni. Kila mwanamke mtu mzima huitwa mama, lakini baada ya "mama" watu hutaja mtoto. Kwake walipofika hapo walikwama kidogo, wakameza mate, kisha wakasema "Mama Dagaa." Alicheka nao. Akifika chumbani hakucheka.

Ndipo akaja binti mmoja, Robi. Alihamia chumba cha pili akitokea Bunda, na cherehani yake na mapazia mawili na kicheko kisichojua ukuta ni nini. Baba yake, Mseti, alikuwa Mkurya. Mama yake alitoka Butiama. Wote wawili walifariki angali mdogo, akalelewa Butiama kwa mjomba wake, Magesa. Siku ya kwanza alisimama uani akaziangalia dagaa zilizotandazwa juu ya nyavu kama mtu anayeangalia ajali.

"Shikamoo, mama. Hivi vitu mnakulaga kweli? Sisi tulikuwaga tunawapa kuku."

"Marahaba. Basi kuku wenu wana akili kuliko nyie."

Wakaishia hapo, kila mtu akaingia kwake. Ingeweza kubaki hivyo miaka yote, salamu na utani wa uani, kama si mvua ya Jumapili.

Marcelina alikuwa kanisani. Dagaa hazijakauka vizuri, na wingu likaja kutoka ziwani bila hodi. Robi alitoka mbio, akazikusanya zote, hata moja haikulowa. Sasa mtu wa ziwani angezitandaza ndani, zipate hewa. Robi alikuwa mtoto wa watu wa ng'ombe na maziwa. Akazijaza kwenye ndoo, akakandamiza vifuniko mpaka vikalia, akazisukuma chini ya meza ya cherehani, akafunga mlango, akaenda Bunda kuchukua vitambaa na kulala hukohuko.

Aliporudi, harufu ilikuwa imekaa chumbani kama mwenye nyumba. Na juu ya meza ile, zikiwa zimetundikwa tayari kuchukuliwa, zilikuwa sare mpya za kwaya ya parokia.

Marcelina alifungua ndoo moja. Mvuke ukampiga usoni.

"Robi, ulifunika?"

"Nilifunika vizuri sana, mama. Hata nzi hakuingia."

Alitaka kukasirika. Haki ya kukasirika alikuwa nayo, na maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno. Lakini aliuona uso wa yule binti, unaosubiri kushukuriwa, akajikuta amekaa chini sakafuni anacheka mpaka kanga ikamlegea. Robi naye akacheka, kisha akatazama sare za kwaya, akaanza kulia. Walifua siku nzima. Sare wakazitandaza juu ya nyavu za dagaa, kwa kuwa hapakuwa na kamba ya kutosha, na jioni upepo wa ziwa ulipozivimbisha mikono, ua mzima ulionekana kama una watu wamelala wanapumua.

Njaa ikawakuta hapo. Marcelina akasonga ugali wa muhogo, akaunga dagaa kavu zilizokuwa zimebaki kwake. Robi alikula tonge la kwanza amefumba macho. La pili aliyafumbua. Baadaye akakwangua chungu.

Asubuhi Marcelina aliamka na ndoto nzuri, akajifunga kanga aende ziwani kama kawaida, na miguu ikampeleka mlango wa jirani. Alishangaa mwenyewe.

"Umeshakula kitu?"

"Bado, mama."

"Hata mimi. Nimeota."

Tangu siku hiyo ziwa lilibaki na ndoto mbaya peke yake. Robi alisikiliza huku ana pini mdomoni, na aliuliza maswali ambayo maji hayajawahi kuuliza: huyo ng'ombe mweupe alikuwa na nundu? Shangazi alipewa chumvi au aliondoka hivihivi? Marcelina akaanza kuota kwa uangalifu zaidi, ili awe na majibu.

Kisha Yakobo, fundi wa pikipiki wa Bunda, akaleta posa. Siku ya kupeleka mahari Butiama kwa mjomba Magesa ikapangwa, na ikajulikana kuwa baada ya harusi Robi atahamia Bunda na cherehani yake.

Wiki hiyo Marcelina aliota amesimama ufukwe asioujua. Wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaoruka kwa makundi, walikuwa wanapanda juu kama moshi, na nyuma yake sauti ikaita, "Mama Robi!" Naye akageuka mara moja, bila kusita, kama mtu aliyeitwa hivyo maisha yake yote. Aliamka mashavu yamelowa.

Alifika mpaka mlangoni kwa Robi. Cherehani ilikuwa inalia ndani. Akasimama. Binti ana ukoo, alijiambia, ana mjomba, na sasa anapata wakwe. Mimi ni nani kwake? Jirani wa chumba. Nikimwambia ataona naomba. Akateremka ziwani, akasimama kwenye ukungu, akaisema ndoto yote mpaka mwisho. Neno la mwisho lilipomtoka ndipo alipokumbuka kazi ya maji. Yanakwenda nayo. Ndoto bora aliyowahi kuota ameitupa mwenyewe, na haitatimia kamwe. Aliamini hivyo kabisa, na alirudi nyumbani akitembea kama mgonjwa.

"Mama, siku hizi huotagi?" Robi alimuuliza.

"Siku hizi nalala tu."

Robi akakata uzi kwa meno. Ilimuuma, na ilionekana.

Siku ya mahari Marcelina alikwenda Butiama kama jirani, na kama jirani alipitiliza jikoni nyuma ya nyumba, akashika mwiko. Asubuhi ilikuwa ya baridi. Mawe makubwa ya mlimani yalitokea na kupotea kwenye ukungu. Wageni wa Bunda wakaingia kwa nyimbo. Habari za ng'ombe zikamalizwa sebuleni. Likabaki blanketi la mama, ambalo upande wa mume humfunika mama wa binti mabegani, na bila hilo siku haijafungwa. Marcelina alijua litamwendea Dafroza, mke wa Magesa, aliyemlea Robi. Akainama zaidi juu ya sufuria, moshi uwe sababu ya macho yake.

"Mama Robi!" ikaita sauti ya mwanamke uani. Ilikuwa ya Euphrasia, shangazi wa Yakobo, ambaye hakuwahi kumwona Marcelina hata siku moja. "Mama Robi yuko wapi?"

Marcelina alikoroga. Alimhurumia marehemu anayeitwa na watu wasiojua.

"Mama Robi!" Sasa sauti ilikuwa mlangoni pa jiko, nyuma yake. Dafroza akanyoosha mkono, akamtoa mwiko taratibu.

"Unaitwa."

"Mimi?"

"Tulimuuliza Robi afunikwe nani. Akasema mama yangu yuko Musoma, ananiambiaga ndoto zake kabla hatujanywa chai," Dafroza alimjibu.

Marcelina akageuka. Blanketi lilikuwa jekundu na zito, na lilipotua mabegani Robi akatokea nyuma ya wageni, akamkumbatia.

"Niliiota hii," alisema kwenye sikio la binti. "Nikaipeleka kwenye maji, mwanangu. Nilidhani nimeiua."

Robi alimwangalia kwa hasira iliyojaa machozi. "Huku Butiama hakuna ziwa. Umekula kitu leo?"

"Tangu asubuhi sijaonja hata mchuzi."

"Basi niambie."

Wageni wakiwa wanasubiri, na chakula kikiwa kinaungua, Marcelina akamweleza tangu mwanzo, ufukwe, wadudu na ile sauti, mpaka pale alipogeuka.