Pikapu za Makokha na Cherehani Yangu

Mimi na Makokha hatusalimiani, na sijaona hasara yake. Yeye ni fundi wa redio hapa Bondeni, mimi ni fundi wa nguo, na kati yetu kuna ukuta wa mbao tu, tena mbao zenyewe zimeachana. Akikohoa nasikia. Nikimsengenya anasikia, na ndiyo maana namsengenya kwa sauti.

Mtu mwenyewe ni mrefu, mkavu, koti moja mwaka mzima, jua liwake au baridi ya Menengai ishuke. Alikuja Nakuru kutoka Webuye akiwa kijana kutafuta kazi ya kiwanda, kiwanda kikafungwa, yeye akabaki. Mkewe alichoka naye zamani akarudi kwao. Binti yake, Lynn, ameolewa Molo. Kwa hivyo jamaa anaishi na redio zilizokufa, na hiyo gitaa yake ambayo ndiyo iliyonipa presha.

Aliitengeneza mwenyewe ujanani kwa ubao wa kitanda. Kitanda cha babake mzazi, alikikata akatoa gitaa. Akiwa na bendi, watu wa Njoro na Molo walikuwa wanamfuata kila anapocheza. Hilo sikatai, kwa sababu hata marehemu mume wangu alikuwa akimtaja. Halafu kwenye harusi moja, mtu mnene akakalia kiti bila kuangalia, na gitaa ilikuwa kwenye hicho kiti. Ikapasuka katikati. Makokha aliifunga kwa blanketi akaiweka juu ya kabati miaka na mikaka. Mwaka huu akaiteremsha, akaanza kuijenga upya.

Sasa sikilizeni ubaya wake. Mimi naswali. Adhana ikitoka msikitini nazima cherehani, natia udhu kwa mfereji wa nyuma, natandika mswala wangu nyuma ya pazia. Nikishafunga sala tu, huyu hapa, ting', ting', ting'. Adhuhuri hivyo, alasiri hivyo. Asubuhi nzima nikishona yuko kimya kama maji ya mtungi. Nikisujudu, bendi imeanza. Niambieni kama huyo ana nia njema.

Nilimshtaki kwa Muiruri, mwenye plot hii tunayopanga. Muiruri akajikuna kichwa akasema, "Mama, wewe uko na machine, yeye ako na gitaa, mimi niko na plot. Mtaelewana." Ndiyo maana plot yake imejaa panya.

Siku moja Makokha akathubutu kuja kusimama mlangoni pangu. "Mama Najwa," akasema, "leo unaswali saa ngapi?"

Damu ilinipanda. Nilimwambia ashike adabu yake, kwamba sisi tuliokulia Bondeni tumeona vichaa wa kila aina na bado tunaswali. Akanitazama kama mtu aliyeuliza bei ya nyanya akatukaniwa mama. Akarudi kwake.

Siku hiyo hiyo, alasiri, nikiwa na maji ya udhu bado yananitiririka mikononi, nikasikia ting'. Sikutandika mswala. Nilikwenda hadi kwake. Gitaa ilikuwa mezani, mwili mpya wa mbao, tumbo wazi, nyaya zimetoka nje.

"Makokha, wewe una ugomvi gani na Mungu wangu?"

Hakuinua kichwa. "Mungu wako hajanikosea. Ugomvi wangu ni na machine yako. Rudi, uikanyage kidogo, usikie."

Nilirudi, si kwa kumtii, kwa hasira tu. Nikawasha, nikakanyaga. Kutoka upande wa pili wa mbao, spika yake ikanguruma kama nyuki ndani ya debe. Nikaachilia, ikanyamaza. Nikakanyaga tena, nyuki hao. Akaja kunieleza akiwa nje ya mlango, maana ndani kwangu haruhusiwi. Chini ya nyuzi za gitaa kuna kitu wanakiita pikapu, kisumaku kilichozungushiwa waya mwembamba kama unywele, na hicho ndicho kinachoshika sauti. Zake alizizungusha mwenyewe kwa mkono ujanani. Zinashika nyuzi, lakini zinashika na mota yangu pia. Kwa hivyo miezi yote hiyo, mwanamume huyu hakuwa ananikejeli. Alikuwa anangoja nizime.

Mtu mwema angeomba radhi hapo. Mimi nilirudi ndani nikiwa na furaha ya ajabu, kwa sababu sasa nilikuwa na silaha, tena ya mguu. Kuanzia siku hiyo, Makokha akigusa uzi wakati wangu wa kazi, nakanyaga. Akijaribu tena, nakanyaga tena, hata kama hakuna kitambaa chini ya sindano. Namsikia anasonya, nami nasonya. Dawa ya moto ni moto.

Halafu rafiki yake Khisa akamletea pikapu mpya kutoka Nairobi, za dukani, zinang'aa. Hizo zimefungwa mbili mbili, kelele inayoingia kwa moja inauawa na mwenzake. Alizifunga asubuhi moja, akacheza. Nikakanyaga. Nyuki kimya. Nikakanyaga mpaka cherehani ikatetemeka meza yote, na gitaa ikaendelea kulia safi kabisa. Nilikasirika siku nzima.

Lakini haki ya Mungu niiseme. Ile sauti ilikuwa safi na haikuwa ya mtu. Ilikuwa sauti ya redio yoyote, ya duka lolote. Zile za zamani, na nilivyozichukia, zilikuwa na mkwaruzo fulani, zinaita kama mtu anayekujua, anayekuita kwa jina lako kutoka ng'ambo ya barabara. Hata yeye alilijua hilo. Alicheza kidogo tu, akaacha. Nikasikia bisibisi ikizifungua.

Juma hilo hilo akaja tena mlangoni. Safari hii amevua kofia.

"Mama Najwa, Jumamosi Jerry anakuja kunisikiza."

Jerry ni kijana mwenye bendi inayocheza hotelini kule Lanet. Wanatafuta mpiga gitaa mmoja.

"Anataka ile sauti ya zamani," akasema Makokha. "Alinisikia akiwa mtoto. Na hivi vidole vyangu vimeanza kukaza. Nikikosa hii, sina ingine."

"Si umpelekee hiyo gitaa huko Lanet?"

"Spika yangu nikiisogeza inakufa. Nilikuwa naomba uzime machine nusu saa tu."

"Niko na sare za shule, zinatakikana Jumatatu. Weka zile pikapu mpya."

"Zile mpya si mimi."

"Basi usiwe wewe," nikamwambia.

Alivaa kofia yake akaenda. Sikusikia hata akisonya, na hilo liliniudhi zaidi.

Jumamosi nilikuwa na rundo la sare mpaka magotini. Nilikuwa nimeshaamua kwamba siku hiyo adhuhuri nitaichelewesha kidogo, nimalize kwanza kola. Wakati wake ni mpana, si dhambi. Makokha asubuhi yote alikuwa anachoma risasi ya kuungia nyaya, harufu inapenya kwenye mbao, lakini alifunga pikapu zipi sikujua. Karibu na saa sita na nusu nikasikia mlango wake, na sauti ya kijana.

"Mzee, sasa. Anza basi, gari inaningoja."

"Ngoja kidogo," akasema Makokha.

"Tunangoja nini?"

"Adhana."

Jerry akacheka. "Kwani umeslimu?"

"Jirani yangu akiswali anazima machine. Nikicheza na imewaka, utasikia machine tu, hutanisikia mimi. Ndiyo nikakuita saa hizi."

"Na asipoenda kuswali?"

"Huyo mama ana mdomo kama msumeno," akasema Makokha. "Lakini sala hajawahi kuikosa. Nimekaa hapa ukutani miaka, najua."

Mimi nilikuwa nimeshika kola mkononi. Yaani alikuwa amezirudisha zile za zamani. Mimi nimemnyima nusu saa, na yeye akaenda akaweka riziki yake yote juu ya sala yangu, bila kuniomba, bila kuniambia.

Adhana ikatoka. Nikakanyaga. Sare za watu ni sare za watu, na hakuna aliyemwambia anipangie saa yangu ya kusimama mbele ya Mola. Ikaisha. Nikakanyaga.

"Mzee," akasema Jerry, "adhana imeisha. Hiyo machine bado."

"Atazima."

"Mimi siwezi kungoja, kweli."

"Atazima, Jerry. Keti."

Nikasikia kiti kikiburuzwa, na miguu ya kijana ikielekea mlangoni. Makokha hakuniita. Hakugonga ukuta. Angegonga, wallahi ningeshona mpaka magharibi.

Nilizima. Nilizima swichi ya ukutani kwa kiganja, pa, wasikie wote wawili. Nikatupa kola, nikatoka nyuma kutia udhu, na nikipita mlango wake nilimwona ameinama juu ya gitaa, hakunitazama. Jerry alikuwa amesimama kizingitini, mguu mmoja ndani.

Nikatandika mswala. Nikafunga sala. Akaanza.

Sitaieleza ile sauti, mimi si mtu wa muziki. Najua tu kwamba nilimkumbuka mume wangu akifunga kamba za viatu jioni ya kwenda Njoro, akipiga mbinja nyimbo hizo hizo, akiniambia siku moja nitakuja nimsikie Makokha. Sikuwahi kwenda. Nilijikuta nimesimama, mikono kifuani, sijui ni rakaa ya ngapi.

Nilipotoa salamu, Jerry alikuwa anasema, "Ijumaa uje Lanet, mzee. Na usiguse hizo pikapu. Spika tutakupea ingine."

Sare zile sikuzimaliza kwa wakati, na mwalimu alinifokea mbele za watu. Jioni hiyo ya Jumamosi Makokha alipita mlangoni pangu akienda kununua maziwa. Nilingoja neno la shukrani. Alisimama, akatazama lile rundo la sare, akatazama cherehani.

"Leo ulichelewa kuswali," akasema, akaenda zake.

Asante ya Makokha ni hiyo. Na ile adhuhuri nililazimika kuirudia, yote, kwa sababu ya kwanza sikuwa naswali, nilikuwa namsikiliza yeye. Hiyo dhambi ni yake, na siku ya hesabu nitamwonyesha kwa kidole.