Jarida Lililojificha Nyuma ya Mlima

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwenzetu Wanja alipoingia ofisini kwetu chuoni Embu, simu mkononi, akauliza, "Jamani, jarida letu liko wapi?"

Tulikuwa wahadhiri vijana, na tulikuwa tumetoka kuzindua jarida la utafiti wa mimea. Jina halikutusumbua. Huku kwetu duka, kwaya, shule, vyote hupewa jina la mlima. Nasi tukaliita Jarida la Mlima Kenya, tukapiga makofi, tukanywa chai. Makala ya kwanza ilikuwa ya Wanja, kuhusu ugonjwa wa migomba kwao Karurumo. Sasa alikuwa ameomba nafasi ya kusomea uzamifu, na waliokuwa wakichuja maombi walimwandikia kwamba wameitafuta makala hiyo mtandaoni wasiione. Walimpa hadi Ijumaa awaonyeshe ilipo.

"Nikitafuta napata hoteli na wapanda milima," alisema. "Hata kuna mahali pa kuosha magari!"

Tulicheka. Mwalimu Ireri, mkuu wetu wa idara, hakucheka.

"Nyinyi watu! Kwetu tuko akina Ireri watano, wote tumepewa jina la babu. Mtu akija kuniulizia Runyenjes lazima aseme Ireri mwalimu, la sivyo anapelekwa kwa Ireri wa viatu. Hilo jarida lenu linahusu nini? Semeni kwenye jina."

Tukaliita Jarida la Magonjwa ya Mimea, Mlima Kenya. Kisha Mwalimu Ireri akafungua tovuti yetu, akaguna. Tulikuwa tumepandisha kurasa zilizopigwa picha. "Na hapa mashine ya kutafutia itasoma nini? Inasoma maandishi, si picha."

Basi tukachapa maandishi upya. Kila makala tukaipa ukurasa wake, wenye kichwa, jina la mwandishi na muhtasari, na jarida lenyewe tukaliombea namba ya kutambulisha majarida, ambayo ilikuja baadaye. Alhamisi Wanja aliandika tu "ugonjwa wa migomba Karurumo". Ikatokea juu kabisa.

"Ndiyo hii! Kujeni muone!"

Akaituma. Nafasi aliipata, na leo ndiye anayewafundisha wengine kuhusu migomba hiyo.

Mwanangu, wewe unayeanzisha jarida lako, usichague jina kwa sababu linapendeza mdomoni. Litafute kwanza mtandaoni uone nani analo tayari. Halafu mfikirie mkulima wa Ruiri ambaye shamba lake linakauka: ataandika maneno gani kwenye simu yake? Maneno hayo yaweke mbele.

Mungu aibariki kazi yako, na kila anayeihitaji aipate.