Mashahidi Wawili wa Nyumba Moja

"Wewe mwenyewe unakumbuka nini? Siyo ulichosimuliwa. Unachokumbuka."

Swali hilo niliulizwa na padre mgeni mwenye miwani, aliyetumwa na askofu kuja kusikiliza mashahidi katika parokia yetu. Tulikaa kwenye chumba cha mikutano nyuma ya kanisa, juu ya mteremko ambao ukisimama mlangoni unaliona ziwa, na siku isiyo na ukungu unaiona milima ya Kongo. Nilikuwa nimetoka kuapa, mkono juu ya Biblia. Padre mwingine alikaa pembeni akiandika. Nje, karibu na dirisha, akina mama wa jumuiya walikuwa wakifagia uwanja waliokwisha kuufagia asubuhi.



Mimi ndiye mtoto aliyefufuliwa. Hivyo ndivyo nilivyojulikana tangu nijijue, kuanzia Kibirizi hadi Mwandiga. Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Nilikuwa ndiyo kwanza najifunza kutembea. Mama alikuwa akianika dagaa ufukweni, nami nikaingia majini bila mtu kuniona. Nilipotolewa nilikuwa nimelegea, sipumui. Paroko wetu alikuwa akipita na baiskeli yake, akitoka kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu. Akaninyanyua, akamwomba Mungu kwa Kiha, nikalia. Basi. Kwa sababu ya hadithi hiyo wanawake wasionijua walinishika kichwa sokoni, na mwalimu wa hesabu aliniambia mbele ya darasa zima, "Yaani umefufuliwa ili uje upate alama hizi?"

Paroko mwenyewe alikufa mzee sana, nikiwa chuoni. Alikuwa mfupi, sauti yake nene kuliko mwili wake, na alikaa kwenye kiti cha maungamo muda mrefu hadi akasinzia humo. Tulimsikia akikoroma, na aliyekuwa anaungama alisubiri, akikohoa kwa adabu. Watu walitoka mbali kuja kuungama kwake. Wakati mwingine Waislamu wa Ujiji nao walimletea ugomvi wa mipaka ya viwanja, kwa kuwa walisema hana ndugu wa kumpendelea. Alipozikwa, kaburi halikukauka udongo kabla watu hawajaanza kuuchota. Waliuchanganya na maji wakampa mgonjwa. Miaka michache baadaye askofu akatangaza kwamba maisha yake yatachunguzwa, na kwamba siku moja, Roma ikiona inafaa, huenda akatangazwa mtakatifu.

Parokia nzima ilinitazama mimi.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya sheria, sina kazi, nimerudi kuishi kwa mama. Kanisani nilikwenda ili asiulizwe niko wapi. Nilikuwa nimefundishwa kwamba ushahidi wa kuambiwa si ushahidi, na mimi juu ya maisha yangu mwenyewe sikuwa na kingine ila cha kuambiwa. Nikisema siamini, nitamfanya mama kuwa mwongo mbele ya Kanisa lake. Nikisema ninaamini, nitakuwa nimeapa uongo. Wiki ya kuwangoja mapadre sikutulia nyumbani. Nilishuka hadi ufukweni, nikapanda, nikashuka tena.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba hadithi ilikuwa inakua. Jioni wanawake walijaa uani kwetu, shangazi zangu, dada zake baba, wakiwa mstari wa mbele kwenye mkeka, wakimfanyisha mama mazoezi ya ushahidi. Siku moja ilisemwa nilikaa bila pumzi muda wa sala moja. Siku iliyofuata ulikuwa muda wa rozari nzima. Shangazi mkubwa akaongeza kwamba nilishafunikwa khanga usoni.

"Khanga ilikuwa ya nani?" nikauliza.

"Inahusu nini?" shangazi akafoka. "Ukiokolewa, unauliza khanga?"

Wageni walipoondoka nilimfuata mama jikoni.

"Mama, nilikaa bila kupumua muda gani?"

"Muda."

"Muda gani?"

"We mtoto, chuo kilikufundisha kumhoji mama yako?"

"Watakuuliza hao mapadre."

"Waniulize. Ziwa lenyewe silihofu, nitamhofu padre mgeni?"

Alisema hivyo, lakini wali ulikuwa unaungua mbele yake na hakusikia harufu. Mama yangu, ambaye huunguza chakula mara chache kama anavyougua. Nikajua anaogopa. Nikadhani anaogopa nitakachosema mimi.

Mapadre wale walipofika, jambo la kwanza walilofanya ni kwenda kaburini, na huko wakatuvuruga kabisa. Akina mama walikuwa wamelijengea kibanda cha bati, wakaweka mishumaa, maua ya plastiki, na picha kubwa ya paroko iliyochorwa na fundi wa Mwandiga anayechora mabango ya saluni. Fundi alikuwa amemzungushia marehemu duara la njano kichwani, kama la watakatifu waliomo kanisani. Padre mwenye miwani aliitazama picha, akashusha pumzi.

"Nani aliwaruhusu haya?"

Mama, aliyekuwa mweka maua mkuu, akajibu kwa fahari, "Tumependa wenyewe, padre."

"Mnamharibia. Kanisa halijasema. Mkimheshimu hadharani kama mtakatifu kabla halijasema, kesi yake inaweza kusimama. Kila mtu amwombe kimya moyoni mwake. Hapa pabaki kaburi la Mkristo."

Mama akaanza kuyaokota maua. "Tumemchelewesha sisi?" aliuliza. Waliondoa mishumaa siku hiyo hiyo, wakikwepa kutazamana. Fundi akaitwa afute lile duara. Lakini rangi nyeupe aliyokuja nayo haikukubali juu ya njano. Alipaka, akapaka tena, hadi paroko akabaki amevaa kitu cheupe cha mviringo kichwani.

Jirani yetu wa Ujiji, muuza mawese na shoga wa mama wa siku nyingi, alipita akaiona picha imeegemezwa ukutani kwetu.

"Shoga," alisema, "mbona mmemvisha baraghashia? Amesilimu huyu?"

"Niache mie."

"Hapana, nafurahi tu. Karibu Ijumaa, padre."

Mama alicheka hadi akakaa chini. Kisha kicheko kikageuka kilio, na mwenzake akaweka ndoo ya mawese pembeni akamshika bega. Nilisimama mlangoni, sijui niingie au nitoke. Kama alikuwa analia kwa sababu ya maua ya plastiki, je, nikisema yangu?

Mama aliitwa asubuhi, mimi mchana. Tulipishana mlangoni. Hakunitazama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu, akashuka ngazi akishika ukuta. Nikaingia, nikaapa kusema kweli. Nikaapa pia kutomwambia mtu yeyote nilichoulizwa wala nilichojibu hadi kazi ifungwe. Hapo ndipo likaja lile swali.

"Unakumbuka nini?"

Mwishowe nilisema, "Sikumbuki chochote, padre. Nilikuwa mdogo mno. Hata kwamba nilizama nimeambiwa tu."

Nilisubiri kelele. Yule wa kuandika aliandika. Padre mwenye miwani alipenga kamasi, akasema taratibu, "Hakuna neno. Na uelewe jambo moja. Muujiza unaotakiwa ni ule unaotokea akiwa amekwisha kufa, watu wakimwomba. Ya alipokuwa hai tunayasikiliza, ila si hayo yatakayoamua. Mimi nataka kujua aliishije."

 Parokia nzima ilikuwa imeniegemea mimi, na kumbe mimi sihesabiki. Badala ya kupumua nikaona hasira. Mbona hawakulisema hili kanisani, ili watu wapate usingizi?

"Sasa," akaendelea, "aliwahi kukasirika mbele yako?"

 Hilo nililikumbuka.

Nilikuwa kwenye mafundisho ya kipaimara. Mwaka ule mtoto wa nyumba ya pili kutoka kwetu alikuwa amezama, mita chache kutoka pale wanaposema nilizamia mimi, na paroko huyo huyo ndiye aliyemzika. Nikanyoosha mkono nikauliza kwa nini Mungu alinitoa mimi na yule akamwacha. Sikumaliza. Paroko alipiga meza, chaki ikaruka. "Toka nje!" Nilitoka nikilia, na watoto wakanicheka. Kwangu ilikuwa siku ya kwanza kuona kwamba kuna maswali ambayo mtu mzima anayaogopa.

"Aliwahi," nikasema. "Alinifukuza darasani." Nikaeleza swali langu.

"Ikaishia hapo?"

"Hapana. Alikuja nyumbani."

Alikuja siku chache baadaye, akasukuma baiskeli hadi uani. Mama alidhani nimefutwa kipaimara, akaanza kuniombea msamaha kabla hajamkaribisha kiti. Paroko akamwambia, "Tulia, mama. Nimemfuata yeye." Kisha akanigeukia: "Nilikasirika kabla hujamaliza. Hebu maliza swali lako."

Nikalirudia, kwa sauti ndogo.  Mama alikuwa amesimama nyuma yake na sinia ya dagaa, haiweki chini.

"Sijui," paroko akasema. "Nimemzika yule kwa mikono yangu na sijui. Mtu akikwambia anajua, mwogope."

"Akakuomba radhi?" padre mwenye miwani aliniuliza.

"Hapana. Aliomba maji ya kunywa."

Yule wa kuandika aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Nikahisi nimemmaliza marehemu. Nimeapa kwamba mtakatifu wa watu alimfukuza mtoto darasani kwa hasira, na kwamba kwenye jambo lililo kubwa kuliko yote hakuwa na jibu. Niliulizwa mengine, kama alipenda fedha, kama alisema vibaya juu ya askofu, alikula nini. Nilijibu. Walinisomea maneno yangu, nikatia sahihi.

Nje wale wafagiaji wakanizunguka. "Umeyasema yote, binti yetu?"

"Nimeapa kutosema."

"Lakini umeyasema?"

Nyumbani mama alikuwa ameivisha samaki wa mgebuka kwa mawese. Aliniwekea sahani, akakaa upande wa pili, na tukatazamana kama watu wawili waliokutana kituo cha polisi. Yeye alikuwa ameapa. Mimi nilikuwa nimeapa.

"Umekula?" akauliza, ingawa sahani ilikuwa mbele yangu.

"Nakula."

"Kula."

Tangu siku ile mama hakuisimulia tena hadithi ya ziwani. Wanawake walipoidai alisema kichwa kinamuuma. Shangazi wakaisimulia wenyewe, yeye akiondoka kwenda kugeuza dagaa. Nilijua sababu, au nilidhani najua. Alikuwa amenisoma usoni. Alikuwa ameelewa kwamba ndani ya chumba kile nilimkana, na kwamba kwa sababu yangu hawezi tena kuyasema maneno yale yaliyomfanya atambulike. Nilitaka kumwambia kwamba sikukana, nilisema sikumbuki tu, na kwamba muujiza wetu haukuwa na uzito wa kumharibia mtu. Kiapo kilinizuia, mimi nisiyejua kama naamini viapo. Nilipata kazi, nikahama, nikawa narudi sikukuu.  Nikimpigia simu tuliongelea mvua, bei ya dagaa, na mguu wake. Wakati mwingine nilisikia ziwa upande wake, nikaharakisha kuaga.

Mwaka jana kazi ya jimbo ilifungwa. Masanduku ya ushahidi yalitiwa lakiri mbele ya waumini yapelekwe Roma, na ikatangazwa kwamba mashahidi tumefunguliwa viapo vyetu. Jioni ile tulikaa uani tukichambua mchele. Nilianza mimi. Nilimwambia mama nilichosema, chote, hadi ile chaki iliyoruka. Mikono yake haikusimama.

"Hicho tu ndicho kilichokufanya unikimbie miaka yote hii?" akasema.

Kisha akaniambia alichosema yeye asubuhi ile, kabla yangu, mkono juu ya Biblia. Aliwaambia kwamba paroko alipofika ufukweni mimi nilikuwa nimekwisha kutapika maji na nalia kwa sauti. Shangazi zangu walikuwa wamemzingira mama, wanamwuliza alikuwa wapi mtoto akiingia majini, na mmoja alishatamka kwamba arudishwe kwa wazazi wake. Paroko alilaza baiskeli mchangani, akapenya katikati yao, akanipokonya mikononi mwa mama, akaninyanyua juu watu wote wanione, akapaza ile sauti yake nene, "Mungu ametutendea makuu! Pigeni magoti!" Wakapiga magoti, shangazi wote, na hakuna aliyemwuliza mama tena alikuwa wapi.