Kwanza Sijambo, Kisha Ila

Nakumbuka siku moja nimeshuka kwenye lori pale Visiga, mkononi sanduku la bati, na ndani ya sanduku, kati ya mashati mawili ili isikunjike, diploma yangu ya kufundisha mazoezi ya viungo. Nilikuwa nimetoka Uingereza. Mzee Mtoro, fundi cherehani, aliitikia shikamoo yangu, akanitazama viatu vyeupe vya raba, akauliza nimesomea nini huko. Nikamweleza.

"Kwa hiyo umepanda meli kwenda kujifunza kukimbia," akasema. "Mbwa wangu hajapanda hata lori, na anakimbia."

Baraza zima lilicheka. Mmoja akasema kuruka kwa amri ya filimbi ni mambo ya askari na wafungwa, na kwamba kutoka Visiga mpaka Mlandizi sitapata mzazi hata mmoja wa kunipa mwanawe. Mwingine akanipa msimu mmoja tu, kisha nitalishika jembe la marehemu baba na kupanda muhogo kama watu wazima wengine.

Mwanangu, wewe unayeanza leo kazi ya kufundisha watu mazoezi, nakwambia haya ili ujue mimi sikuanzia kwenye makofi. Hakuna mjomba aliyenisomesha. Nilianzia jeshini wakati wa vita, kibarua wa kubeba masanduku, nikapanda mpaka kuwa mkufunzi wa mazoezi, na kwa bidii yangu mwenyewe nikachaguliwa kwenda chuoni ng'ambo. Nasema kwa majivuno, na sioni kwa nini nisijivune.

Lakini kabla ya diploma kuna jambo nililoliona jeshini ambalo hakuna chuo kilichonifundisha. Asubuhi moja sajini alisimama mbele ya askari wapya, akawauliza kwa sauti kubwa, "Hamjambo?" Wakajibu wote, "Hatujambo." Akaridhika, akawakimbiza na mizigo mgongoni juani. Kijana mmoja wa upande wa Kisarawe, tuliyekuwa tukilala naye hema moja, alianguka njiani na hakuinuka tena. Alikuwa anaumwa tangu jana yake. Sajini aliapa kwamba aliwauliza, na wote walisema hawajambo. Na kweli walisema.

Maana yake niliielewa baadaye. Kule chuoni, mwalimu wangu Mzungu alifundisha kwamba kabla hujamfanyisha mtu zoezi, muulize hali yake. Maneno mazuri. Lakini kwao ukimuuliza mwanafunzi, anakwambia goti linamsumbua. Kwetu ukimuuliza, anakusalimia. Mtu wa kwetu hata kama amefiwa atakujibu kwanza "sijambo", kwa sababu ndiyo adabu. Habari yenyewe inakuja nyuma, na inakuja na neno dogo: "ila". Sijambo, ila mguu. Sijambo, ila sijala tangu jana. Mkufunzi asiyengoja hiyo "ila" hajauliza kitu. Hili halimo kwenye vitabu vya ng'ambo. Nililiongeza mwenyewe, na silidai hakimiliki, lichukue.

Basi nilipewa kazi katika shule ya kati huku Kibaha, na nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuomba vijana wa kukimbia katika mashindano ya wilaya, ambayo yangefanyika Kisarawe. Wazazi hawakukataa, wala hawakukubali kwa namna niliyotarajia. Bi Mwanahawa wa Misugusugu, mjane mwenye mtoto mmoja tu, ndiye aliyeanzisha lile neno. Mwanawe aliitwa Kondo, kijana mrefu, akikimbia unadhani ardhi ina moto.

"Sikupi," akaniambia. "Nakuazima. Jirani akija kuazima jembe namwazima, lakini akinirudishia mpini umevunjika, hata maji ya kunywa hapati tena hapa. Umenisikia, Mwalimu?"

"Nimesikia, Mama."

"Basi mchukue."

Neno likatembea. Mlandizi wakaniambia wananiazima, Visiga wakaniambia wananiazima. Mzee Mtoro akatangaza barazani kwamba sasa nina madeni kuliko mtu yeyote wa barabara ya Morogoro. Nikamjibu kwamba nitayalipa yote, na yeye atakuwepo kuona.

Nilifanya kazi, mwanangu. Mazoezi yalikuwa alfajiri, kabla jua halijakaza, na mtungi wa maji ulikaa kivulini, kila mtu na ruhusa ya kunywa bila kuniomba. Shimo la kurukia nililichimba upya na kulijaza mchanga wa mtoni. Kabla ya kila zoezi nilivua vile viatu vyangu vya raba nikautembea uwanja mzima kwa miguu mitupu, maana vijana wangu hawakuwa na viatu, na mwenye viatu hajui uwanja. Nilitoa miiba, vigae, na siku moja shingo ya chupa. Watu walipita barabarani wakiuliza kama Mzungu mweusi amepoteza pete. Niliwaacha wacheke. Kisha niliwapanga vijana mstari, nikamsalimu kila mmoja kwa jina lake, akajibu sijambo, nami nikanyamaza mbele yake namtazama. Ule ukimya vijana waliuogopa kuliko fimbo. Ndani yake "ila" zilitoka zenyewe.

Siku ya mashindano tulifika Kisarawe kwa lori la mkaa, vijana wote wameketi chini, maana nilikataa kuondoka mpaka aliyesimama nyuma akae. Uwanja ulijaa. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alikuwa ameketi chini ya turubai na kombe mezani. Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Kibwana, alikuwa amevaa tai, na alikuwa amekwisha kuwaambia wenzake wa shule nyingine kwamba mbio za maili moja ni zetu. Mzee Mtoro naye alikuja, kutazama nitakavyoaibika.

Nikapita mstarini. Nikafika kwa Kondo.

"Hujambo, Kondo?"

"Sijambo, Mwalimu."

Nikanyamaza.

"Sijambo kabisa," akasema. Kondo hakuwa mtu wa kusema "kabisa".

Nikazidi kunyamaza. Akatazama mbali, akalamba midomo.

"Ila usiku nilitetemeka kidogo. Na juzi pia. Nilimficha mama, asije akanizuia."

Nikaweka mkono shingoni mwake. Alikuwa anachoma kama sufuria. Nikamwambia akae kivulini, leo hakimbii.

Bwana Kibwana alikuja mbio, tai begani. "Mwalimu, umefanya nini? Homa? Hapa nani hana homa? Mwache akimbie atokwe jasho, homa itatoka na jasho."

"Haitoki namna hiyo, Mwalimu Mkuu. Mwili wenye homa umekwisha kuchoka kabla ya filimbi. Ukiuongezea maili moja kwenye jua hili, unaweza kuzimika."

"Bwana Shauri amekuja kutazama mbio hizi."

"Atazame wengine."

"Nitaandika kwa wakubwa. Nitaandika kwamba umeharibu siku ya shule makusudi."

"Andika," nikasema. "Ukimaliza, ongeza kwamba nina diploma, na kwamba diploma haikunipa kazi ya kuwakimbiza watu tu. Imenipa na kazi ya kusema huyu hakimbii. Hiyo ya pili ndiyo niliyoiendea mbali. Ya kwanza hata filimbi peke yake inaweza."

Kondo mwenyewe alilia, akaniomba. Hicho ndicho kilichoniuma, si tai ya Bwana Kibwana. Nikamwambia, "Kondo, wewe si mali yako leo. Umeazimwa."

Mbio zikaenda, kombe likaenda shule nyingine. Umati ulinizomea. Nilimsikia Mzee Mtoro akisema kwa sauti, ili nisikie: "Huyu ndiye mwalimu wa kukimbia. Anafundisha kukaa." Nilisimama wima pale pale, mikono nyuma, nikawatazama wote mpaka wakachoka wenyewe.

Jua lilipopinduka Kondo alianza kuweweseka. Tukambeba mpaka zahanati. Dresa, mhudumu wa pale, alimshika, akamnywesha kwinini, akamfunika, akaniuliza alikuwa akifanya nini uwanjani. Nikamwambia alikuwa akimbie maili moja. Dresa alitikisa kichwa, akaenda kuchota maji.

Bwana Kibwana aliandika kweli. Nikanyang'anywa filimbi, akapewa mwalimu wa hesabu. Alipozunguka kuomba vijana, kila mlango alijibiwa kwamba wao walimwazima yule mwingine, huyu hawamjui. Filimbi ilirudi kwangu kabla muhula haujaisha, na sikusema asante.

Mwanangu, shika haya. Anayesimama mbele yako amekukabidhi mwili wake, na mwili huo una wenyewe nyumbani. Usimfundishe zoezi usilolijua vizuri. Ukiona ugonjwa, wewe si mganga, mpeleke kwa mganga wa zahanati. Kagua uwanja kwa miguu ya atakayeukanyaga. Usione haya kunyamaza mbele ya mtu mpaka akwambie ukweli, wala usiogope kombe linalokwenda kwa wengine. Watakaokucheka ni wengi, na kicheko hakijamvunja mtu mfupa. Wakubwa watakuamuru. Wajibu kwa heshima, kisha ukatae.

Na sasa nikumalizie ile siku, maana sikukwambia tulivyorudi.

Kesho yake asubuhi lori lilitushusha mimi na vijana wote Visiga, mbele ya baraza la Mzee Mtoro. Kondo homa ilikuwa imeshuka, lakini hakuweza kutembea sana, kwa hiyo alikaa nyuma ya baiskeli ya kuazima nami nikaikokota. Nikaanza kuzunguka. Kila mlango nilipiga hodi, nikamsukuma kijana mbele, nikasema, "Huyu hapa, kama nilivyomchukua." Wazazi waliwageuza wanao, wakawatazama magoti na vidole, wakawaingiza ndani. Mzee Mtoro alikuwa anatufuata kwa mbali, huku anajifanya ana safari zake.

Misugusugu tulifika mwisho. Bi Mwanahawa alikuwa anapepeta mchele uani.

"Hamjambo?" akauliza.

"Hatujambo, Mama," nikasema. "Ila Kondo ana homa. Alikwenda nayo, amerudi nayo, na vidonge hivi hapa. Kukimbia hakukimbia."

Akaweka ungo chini. Akamshika mwanawe shingoni, pale pale nilipomshika mimi, kisha akamshika mashavu, akamtazama macho, kwa muda mrefu.

"Kombe je?"

"Hatukupata."

"Ningelitia nini," akasema. "Uji?" Akamwelekeza Kondo mkekani, akaingia ndani, akatoka na kata ya maji, akanipa nikanywa. Mzee Mtoro alikuwa amesimama kwenye ua, kofia mkononi.

"Mwalimu," Bi Mwanahawa akasema, "deni lako hapa limekwisha. Akipona, njoo umwazime tena. Mungu akupe miguu mizima, wewe na wanaokufuata."

Dua hiyo nimeishi nayo, na leo nakupa wewe, mwanangu, kama nilivyopewa. Mungu akuazimishe wengi, na kila jioni akupe nguvu ya kuwarudisha wote milangoni kwao. Mzee Mtoro tulirudi naye pamoja. Njiani aliniuliza, polepole, kama kuna zoezi la kiuno cha mtu anayekaa kwenye cherehani kutwa.

"Hujambo, Mzee?" nikamuuliza.

"Sijambo," akasema.

Nikanyamaza, nikamngoja.